Jinsi nilivyotatua tatizo la modi katika Skyrim

Kwa wiki nzima ya Julai, baridi ya Uyole ikipenya chini ya mlango, Skyrim Special Edition, mchezo wa kompyuta, ilijifunga kila nilipoifungua, kabla hata ya menyu kuu kuonekana. Nilikuwa nimemwaga modi kumi na mbili, yaani nyongeza za mchezo zinazotengenezwa na wachezaji, moja kwa moja ndani ya folda ya Data ya mchezo, jambo ambalo simshauri anayeanza alifanye, kwa sababu faili zikishachanganyika huwezi tena kujua ipi imetoka wapi. Nilifuta kila kitu, nikasakinisha mchezo upya, kisha nikaweka modi moja moja kupitia Mod Organizer 2, programu ya kusimamia modi, ambayo huhifadhi kila modi katika folda yake bila kugusa faili za mchezo. Hapo ndipo alama ya tahadhari ilipojitokeza kando ya modi ya silaha. Nilipoisogezea kishale, ilinionyesha jina la faili mama ambayo modi hiyo huitegemea na ambayo sikuwa nimeipakua. Niliipakua usiku huohuo, na menyu ikafunguka. SkyUI, modi inayoboresha menyu za mchezo, ilibaki ikitoa onyo, kwa kuwa huhitaji SKSE (programu ya ziada ambayo baadhi ya modi huitegemea) ya toleo linalolingana na la mchezo, na mchezo wenyewe uwashwe kwa skse64_loader, faili ya kuwashia ya SKSE, si kwa ikoni ya kawaida. Jana nilifika Whiterun, mji ndani ya mchezo, bila kukwama.