Siku moja maishani mwangu: diski tatu au nne?

Saa 10:30 alfajiri. Mvua imenyesha juzi usiku, kwa hiyo simu zimeanza kulia kabla ya adhana. Ndivyo Desemba ilivyo huku Kongwa, Dodoma. Mvua ya kwanza ikishuka, kila mwenye trekta anataka liingie shambani siku hiyohiyo. Mimi ni fundi wa zana za kilimo: nafunga plau (jembe la trekta la kugeuza udongo), haro (la kuvunja mabonge) na ripa (la kupasua tabaka gumu la chini), na kabla ya kufunga napima kama trekta na zana vinaendana. Begi langu lina spana, futi kamba, chaki na rula ya chuma. Pembeni nafunga jembe la mkono, maana siwezi kumwambia mtu avute diski ngapi kabla sijachimba udongo wake.

Saa 12 asubuhi. Nafika kwa mzee mmoja nje kidogo ya Kibaigwa. Ana trekta la Massey Ferguson 375 na plau ya diski tatu, na sasa anataka kununua ya diski nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi, karibu. Dukani wameniambia trekta hili ni farasi 75, diski nne linavuta bila shida. Wewe unasemaje?"

Namwomba kiti, tukae tufanye hesabu. Farasi 75 ni nguvu ya injini. Injini yake haina turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, na injini ya namna hiyo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Sisi hapa tuko juu ya mita 1,000, kwa hiyo zimebaki kama 67. Zikipita kwenye gia hadi shafti ya nyuma zinabaki 58 hivi. Kisha tairi zinakanyaga udongo uliolowa, zinateleza, zinazama, na sehemu kubwa ya nguvu inaishia hapohapo. Kinachofika kwenye plau ni farasi 35, wakati mwingine pungufu.

Halafu tunahesabu upande wa udongo. Diski moja ya inchi 26 inakata upana wa sentimita 30 hivi. Diski nne ni sentimita 120, na ukilima kina cha sentimita 20 unakuwa unakata sentimita za mraba 2,400 kwa mpigo. Udongo mzito wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, huvutana na plau kwa kama kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba. Hiyo ni zaidi ya tani mbili za mvuto, na kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa inataka farasi 40. Diski tatu zinataka 30.

Mzee ananyamaza, anarudia hesabu kwa vidole. "Kwa hiyo tatu ndiyo mwisho?"

Mbugani, ndiyo. Na hata hizo tatu zina sharti lake, tutaliona shambani.

Saa 2 asubuhi. Tuko mbugani kwake, udongo mweusi. Nachimba kwa jembe la mkono: juu umelowa, chini ya sentimita 15 bado mkavu na mgumu. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea wanapozungumzia nguvu za farasi peke yake. Injini inaweza kuwa na nguvu za kutosha na trekta bado lisivute, kwa sababu tairi hazishiki. Trekta la mzee halifiki tani tatu, nalo ni la kuvuta kwa tairi mbili za nyuma. Tairi kwenye udongo kama huu huvuta kama nusu ya uzito ulioko juu yake. Ukiomba mvuto wa tani mbili, tairi zitaspini kabla injini haijalalamika.

Nachora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Dereva anainua plau, tunatembea na trekta tukihesabu mizunguko 10 ya tairi: mita 45. Tunarudi, plau imezama sentimita 20, mizunguko 10 tena: mita 34. Yaani karibu robo ya mzunguko inapotea bure, pamoja na dizeli yake na raba ya tairi. Kwa trekta la tairi mbili nataka upotevu uwe kati ya asilimia 10 na 15.

Dawa yake ni uzito. Mzee ana tangi la maji kwenye trela, na kijana wake ana pampu. Tunajaza tairi za nyuma hadi robo tatu, valvu ikiwa juu. Kila tairi linameza zaidi ya lita 200, na kazi hiyo inatula asubuhi nzima. Narefusha kidogo toplinki, ule mkono wa juu unaounganisha trekta na plau, maana plau ilikuwa imeinamia mbele, nayo fremu nasawazisha. Tunapima upya: mita 38 na nusu. Upotevu umeshuka hadi asilimia 14. Dereva mwenyewe anasema usukani umetulia.

Mbele pia nimemwambia mzee aache vyuma vya uzito palepale vilipo. Plau ikiinuliwa, angalau moja ya tano ya uzito wa trekta lazima ibaki kwenye tairi za mbele, la sivyo usukani haushiki, na kwenye kilima trekta linaweza kumpindukia dereva. Kwa hili sina mzaha na mtu.

Saa 6 mchana. Jirani wa mzee, mama anayelima alizeti na mtama, ananiita nikaangalie shamba lake lililolimwa jana. Trekta lilikuwa la nguvu zilezile, plau ya diski nne. Kwa mbali shamba linapendeza, jeusi lote, limegeuka. Nazamisha rula mahali kadhaa: sentimita 9, sentimita 10, mahali pengine 8.

Hili ndilo linaloniuma kuliko dizeli na tairi. Plau ikizidi trekta, trekta halisimami. Dereva anavuta mkono wa haidroliki, anapandisha plau, anaendelea, jioni anahesabiwa ekari nyingi. Anayelipa ni huyu mama, kwa ekari, na bei ni ileile ya kulima kwa kina. Chini ya hizo sentimita 9 kuna tabaka gumu. Mvua zetu ni chache na hukatika Februari. Maji yasipozama sasa, mtama hautakuwa na akiba ya unyevu siku mvua ikikata. Namwachia mama kijiti nilichokikata kwa urefu wa sentimita 20 na kumwonyesha namna ya kukichomeka kwenye mtaro wakati dereva bado yupo shambani, kabla hajalipwa.

Saa 8 mchana. Ugali na mlenda kwa mzee. Mazungumzo yanafika kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 hapahapa Kongwa. Walileta matrekta yaliyobaki vitani na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Nguvu hawakukosa. Udongo huu ukikauka ulikuwa unawavunjia na kuwalia vyuma, na 1951 mradi ukafungwa.

Saa 10 jioni. Shamba jingine, kichanga chekundu. Hapa mambo yanageuka: trekta kubwa, la kuvuta kwa tairi zote nne, linavuta haro ndogo ya diski 16, injini inanguruma kwa mizunguko yote. Dereva ni kijana, namwambia, "Mdogo wangu, panda gia mbili, punguza mafuta." Anajaribu. Mwendo ni uleule na moshi umepungua. Kwa haro nyepesi hivyo, nguvu nyingi inazunguka bila kazi. Mwenye trekta atafute haro pana zaidi. Kichanga hakina mvuto mkubwa, hata diski nne anazotaka mzee zingepita hapa bila taabu.

Saa 1 usiku. Mzee anapiga simu. Mashamba anayolima kwa kukodishwa, anasema, nusu ni mbuga na nusu ni kichanga, afanyeje? Namshauri atafute plau ambayo fremu yake inaruhusu kufunga diski tatu au nne. Zipo. Ile ya nne inafunguliwa kwa spana, na gurudumu la nyuma la plau linarekebishwa upya. Mbugani tatu, kwenye kichanga nne. Ananiomba kesho twende wote dukani, nikague matundu ya fremu kabla hajatoa hela. Tumekubaliana saa 3.