Kamera ya gari kurekodi wakati gari limeegeshwa: nilivyounganisha waya

Kamera yangu ilikuwa inazima kila nikichomoa ufunguo, kwa sababu ilipata umeme kwenye soketi ya kiberiti. Dawa yake ni kifaa cha waya tatu kinachoungwa kwenye boksi la fyuzi: waya wa umeme wa kudumu, waya unaofuata swichi ya gari, na wa hasi unaokwenda kwenye bodi ya gari.

Nilifunga, kamera ikawaka, lakini haikuingia hali ya maegesho. Ilirekodi mfululizo kana kwamba niko barabarani. Nikachukua mita, nikazima gari, nikafunga milango na kusubiri. Fyuzi niliyodhani inafuata swichi ilibaki na volti 12 muda wote, kwa hiyo kamera haikujua kamwe kwamba gari limezimwa. Nikahamishia waya ule kwenye fyuzi ya waipa, ambayo kwenye gari langu inakufa papo hapo ukizima. Yako ipime mwenyewe. Rangi za waya na michoro ya boksi usiziamini sana. Na usiguse fyuzi za eabegi wala breki.

Waya wa hasi haukushika vizuri mpaka nilipokwangua rangi chini ya boliti inayouunga na bodi.

Kilichobaki ni betri. Kifaa kilikuja kikiwa kimewekwa kukata umeme kwenye volti 11.8, na hapo betri ya asidi imekaribia kuisha kabisa. Nimekipandisha hadi 12.2. Kurekodi kunakatika mapema zaidi, ila asubuhi gari linawaka.