Fensi ya umeme ya kuku, mimi iliniangusha kwenye ethi

Mwezi wa tisa mwaka jana niliamka alfajiri, jogoo hajawika, nikajua tu huko bandani hakuko salama. Mitetea saba wamelala chini shingo zimetafunwa, nyama hata haijaliwa, na mmoja bado alikuwa anapigapiga bawa kwenye vumbi. Na fensi ilikuwepo! Toka mwezi wa tano nimeshafunga, mashine pale inalia tik, tik, tik kama kawaida. Niliumia sana kwa kweli, wale niliwatoa kwenye vifaranga mwenyewe.

Nakaa Bigwa hapa Morogoro, Uluguru ndo hiyo nyuma ya nyumba, kwa hiyo wanyama wapo wengi tu. Mchana nguchiro, usiku kicheche na kanu. Wavu peke yake nilishajaribu, kicheche anafukua chini anapita. Ndo nikanunua enajaiza, yaani mashine ya kupeleka umeme kwenye fensi, ndogo ya sola yenye betri ya volti 12, nikavuta nyuzi nne, wa chini kabisa sentimita 10 toka ardhini na wa juu 45. Hapo unapima pua, maana mnyama mwenye manyoya ukimpiga mgongoni hasikii kitu, lakini pua ina majimaji na ndo anaitanguliza kunusa kila kitu kigeni.

Sasa kilichoharibika ni nini. Mashine inatoa pigo moja kila sekunde hivi, maelfu ya volti ila kwa muda mfupi mno, pigo linatembea kwenye uzi, linaingia kwa mnyama, linashuka miguuni, halafu linatakiwa lipite ardhini mpaka kwenye nondo ya ethi, yaani chuma kilichopigwa ardhini na kuunganishwa na mashine, lirudi kwenye mashine. Udongo ukikauka hakuna njia ya kurudi, na udongo wetu huu mwekundu mwezi wa tisa ni tofali kabisa. Fundi alikuwa amenipigia kinondo kimoja cha nusu mita, tena chini ya bati la banda ambako hata mvua haifiki! Testa, kile kipimo cha umeme wa fensi, kwenye uzi ilikuwa inasoma zaidi ya volti 6,000 ndo maana wote tuliridhika, kumbe tulikuwa tunapima uzi wakati ugonjwa uko kwenye ethi.

Kuipima ethi yenyewe ni hivi: zima mashine, kule mwisho wa fensi egemeza vyuma viwili vitatu kutoka kwenye uzi mpaka ardhini, washa, kisha weka testa kwenye nondo ya ethi. Ikizidi volti 300 hivi ujue ethi ni mbovu. Yangu ilipita 1,000.

Nikahamisha. Nondo tatu za mita moja na nusu zilizopakwa zinki, zimeachana karibu mita tatu, nikazipiga kwenye migomba nyuma ya bafu ambako maji ya kuoga yanamwagikia kila siku. Halafu uzi wa pili na wa nne nikautoa kwenye umeme nikaunganisha na ethi, mnyama akijipenyeza katikati anagusa uzi wa umeme na uzi wa ethi kwa pamoja na anapigwa hata kama ardhi ni kavu. Wiki haijaisha nikamuona nguchiro kwa macho yangu, saa nne asubuhi, kanyoosha shingo kaweka pua, akaruka juu mkia umetawanyika kama brashi akapotelea kwenye mihogo.

Ila jamani naomba sana, kuna watu wanachukua waya wa umeme wa nyumbani wanafunga moja kwa moja kwenye senyenge. Usifanye. Ule ni volti 230 tu lakini haupumziki, ukikushika mkono unakaza huwezi kuachia, na mtoto wa jirani akifuata mpira hapo ndo basi. Nunua mashine yake.

Majani nafyeka kila jumamosi maana yakigusa uzi yanakula nguvu yote, na asubuhi nazunguka mara moja kuangalia, siku moja nilimkuta kobe amejifungia ndani ya gamba palepale kwenye uzi badala ya kurudi nyuma, maskini, nikazima nikamtoa. Tawi la mwembe lililokuwa juu ya banda nalo nimelikata kwa sababu ya kanu, maana anapanda miti. Mwewe fensi haimuhusu, vifaranga wanakaa chini ya wavu mpaka wakue.

Jana nimehesabu 26, na tetea mmoja anaatamia mayai 12. Wanangu nimeshawaambia, kiangazi hiki ndoo ya mwisho ya kuoga inamwagwa kwenye migomba.