Wewe Hukuitwa

Siku ya nne leo, na maneno ya Baba yananizunguka kama inzi kwenye maembe. Mkataba wa kazi umeongezwa, dada kajifungua salama, alhamdulillahi, lakini mimi nipo palepale, Jumamosi, mbele ya yule mzee kwenye picha ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17.

Nilimpeleka kwenye nyumba ya Rembrandt hapa Amsterdam kwa sababu ya shaba. Mnamjua Baba: sonara wa miaka 40, picha hazimtikisi. Pale wanaonyesha jinsi picha zake zilivyochapwa: bamba la shaba linapakwa nta, linakwaruzwa kwa sindano, kisha tindikali inakula kwenye mikwaruzo tu. Wino unaingia humo, karatasi mbichi inabanwa juu yake. Baba aliinama hadi nikamshika koti.

Halafu tukamfikia mzee anayekinga macho kwa kiganja. Kapicha kadogo, ka mwaka 1639 hivi. Uso na mkono vimeshughulikiwa hadi kunyanzi la mwisho. Kushuka kifuani, mistari miwili mitatu, basi, karatasi tupu.

"Hakummaliza," Baba akasema.

"Labda kaacha makusudi, Baba."

"Fundi akishafika hapa haachi. Kaitwa huyu."

"Kaitwa na nani?"

Kimya. Naye kainua kiganja juu ya jicho lake lile lenye mtoto wa jicho, wazee wawili wanatazamana. Kisha, bila kunigeukia: "Wewe hukuitwa. Uliinuka tu."

Nilikuwa na miaka 19. Pete ya mtu ilikuwa bado kwenye koleo nilipoinuka pale Tanga. Kwenye tramu nimeshatunga majibu kumi, yote mazuri, yote yamechelewa. Uliinuka tu! Kama mtu aliyekwenda kunywa maji.

Jana usiku, tukikunja nguo, nikamwambia kwamba mwaka huohuo wa 1639 Rembrandt alinunua ile nyumba kwa gulden 13,000, pesa ya Uholanzi ya zamani, alipe kidogo kidogo, na 1656 akafilisika. Baba alicheka mpaka akavua miwani. "Si nilikwambia kaitwa? Kaitwa na deni!"

Nikaona nimpe na la pili: karne iliyofuata Mjerumani, Georg Friedrich Schmidt, alilichukua bamba lilelile akamalizia palipobaki. Nikamwonyesha kwenye simu. Akavuta picha kwa vidole, akaguna.

"Huku chini mkono mwingine kabisa."

Akarudi kwenye soksi zake. Baadaye sana, nikidhani kasinzia: "Ile pete niliimalizia mimi. Mwenyewe hakujua."

Sikujibu. Nilikwenda kupika chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Ila baiskeli, jamani. Niliifunga stesheni tangu wiki iliyopita, na pale zikikaa sana manispaa huzibeba. Ufunguo nimeutafuta hadi kwenye friji.