Risasi za Mombasa, maji ya Entebbe

Nilijifunza kuzamia Mombasa, na nilipohamia Entebbe nikaja na mkanda wangu uleule wa kilo 8 za risasi, yaani vipande vya madini mazito vinavyomsaidia mzamiaji kushuka. Mara ya kwanza na wenzangu Ziwa Victoria nilishuka kama nanga. Masikio yaliniuma, tope likatimka, hatukuonana hata kwa urefu wa mkono. Nilitamani kutorudi tena, kwa aibu.

Dada mmoja wa kundi akaniambia, "Kaka, haya si maji ya chumvi. Punguza risasi." Tukapima palepale, mtungi wa hewa ukikaribia kuisha: jaketi la kuelea likiwa halina hewa, pumzi ya kawaida nimeishika, maji yanifike usawa wa macho, nikitoa pumzi, nizame taratibu. Kilo 6 zilitosha. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5, na kwa mtu na vifaa vyake vya kilo 80, hiyo ni kama kilo 2.

Kisha akaiangalia kompyuta yangu ya kuzamia, ile ya kuvaa mkononi inayokokotoa kina na muda salama wa kukaa chini. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nami nilikuwa nimeiacha kwenye kipimo cha pwani! Tukairekebisha.

Jumamosi iliyofuata nilielea mita moja juu ya tope, nikifuata mwanga wa kurunzi yake.