Nilivyowapima bodaboda furaha kwa punje 14 za maharage

Aliyenishauri niwagawie fomu wajaze wenyewe, "maana maswali ni matano tu", hajawahi kukaa kijiweni asubuhi abiria wakiwa wengi.

Utafiti wangu wa uzamili ulihusu hali ya kisaikolojia ya madereva wa bodaboda hapa Tanga. Kipimo nilichotumia ni WHO-5, cha Shirika la Afya Duniani, kilichotoka 1998. Kwa wiki mbili zilizopita umekuwa mchangamfu? Umetulia? Umejisikia una nguvu? Umeamka umepumzika? Siku zako zimejaa mambo yanayokuvutia? Kila jibu lina alama 0 hadi 5. Jumla unazidisha kwa 4, unapata kiwango chake katika 100.

Basi nikagawa fomu, na soda juu. Mwenyekiti wa kijiwe akaisoma kwa sauti na kuijibu kwa sauti vilevile: "Andikeni tano, dada asije akasema hapa kuna vichaa." Mmoja akauliza kama ni mambo ya mkopo wa vijana. Akaambiwa huenda. Hapohapo akafuta 5 zake akaweka 0 tupu, na jirani yake naye akageuza. Fomu zikarudi zimenyooka, vema safu moja kutoka juu hadi chini.

Nikaziingiza kwenye kompyuta, alfa ya Cronbach, namba ya kuonyesha majibu ya maswali yanavyolingana, ikakaribia 1. Mtu wa takwimu akanipongeza! "Ikivuka 0.7 uko salama." Salama wapi? Alfa inaangalia majibu yanavyokwenda pamoja; mtu akitia vema safu moja bila kusoma, lazima ipande. Nikazitupa zote.

Ndipo nikanunua maharage. Nikawa nakaa na dereva mmojammoja, mbali na wenzake, tuna vikombe viwili vya kahawa na punje 14, kila punje siku yake. Wiki mbili nilizihesabu kwa lugha yao: hesabu mbili za bosi, yale malipo ya kila wiki kwa mwenye pikipiki. Siku alizokuwa mchangamfu anatia kikombe hiki, nyingine kile. Baada ya hapo namsomea majibu sita ya fomu kama yalivyo, "wakati wote" mpaka "hakuna wakati wowote", achague mwenyewe. Maneno ya fomu sikuyagusa, maharage yalikuwa ya kumkumbusha tu. Na ile "zaidi ya nusu ya muda" iliyokuwa ikiwatatiza, sasa wanaiona kikombeni.

Mcheshi mkubwa wa kijiwe alianza na "namshukuru Mungu, niko fiti", akamimina punje karibu zote upande wa uchangamfu. Kisha akaanza kuzitoa mojamoja. "Hizi pikipiki ilikuwa imekamatwa. Hii mtoto alilazwa. Hii... hii iache tu, dada."

Wanaopiga deiwaka la usiku, yaani wanaoshika pikipiki ya mwenzao kwa zamu, walinicheka kwenye swali la kuamka. Nikawaambia kuamka ni kuamka, hata iwe saa saba mchana.

Soda za awamu ya pili nilitoa maswali yakiisha, bila kutangaza. Gharama yote pamoja na nauli ni kama laki na nusu hivi, sikuandika vizuri. Ila kabla hujamuuliza mtu yeyote, ujue utampeleka wapi. Jumla ya alama chini ya 13 kati ya 25, kabla ya kuzidisha kwa 4, haisemi mtu ni mgonjwa, inasema achunguzwe zaidi, na mimi nilikuwa nimeshaongea na kliniki ya afya ya akili wawapokee.

Alfa safari hii ilishuka kidogo. Yule wa takwimu akaniuliza nimeharibu wapi.