Nilivyouandika utenzi wa bibi kwa Windows Media Player

Mjomba alikuwa na CD mbili zisizo na jina, kila moja ndani ya bahasha ya karatasi. Mna sauti ya bibi yangu akighani utenzi alioupokea kwa mama yake, mtu wa Mombasa aliyeolewa Tanga. Mjomba alimrekodi kwa kaseti miaka michache kabla bibi hajafariki, baadaye akaipeleka kaseti kwa fundi ihamishiwe kwenye CD. Kaseti ilishakatika zamani. Sauti ya bibi ilikuwa imebaki kwenye visahani viwili vyenye mikwaruzo, nami nilitaka kuiokoa na kuuandika utenzi wote, ubeti kwa ubeti.

Kila niliyemuuliza alinitajia programu ya kupakua. Bando letu nyumbani ni la kupimia, nikaona nianze kwa kutazama kompyuta yenyewe ina nini. Yangu ni ya Windows 10. Windows Media Player, programu ya Microsoft ya kucheza muziki, toleo la 12 lililotoka pamoja na Windows 7 mwaka 2009, ilikuwamo, imekaa kwenye folda ya Windows Accessories ambayo sikuwahi kuifungua. Laptopu haina pa kuingizia CD, nikaazima kwa jirani draivu ya kuchomeka kwa USB.

Kunakili ni kubofya "Rip CD" na kusubiri. Mara ya kwanza sikugusa mpangilio wowote, faili zikatoka WMA, aina ya faili za sauti ya Microsoft, na simu ya mama ikakataa kuzicheza. Nikaingia kwenye Options, sehemu ya "Rip Music", nikachagua MP3, nikarudia. Kwa ubora wa kbps 128 dakika moja hula takriban MB moja, hivyo CD nzima hata simu yenye nafasi ndogo inaibeba. Kwa kuwa sikuwa na intaneti, nyimbo zilijiita Track 1, Track 2, nikazibadilisha majina kwa mkono.

CD ya pili iligoma katikati. Niliipangusa kwa kitambaa laini chenye unyevu, kutoka kitovuni kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Kisha, kwenye Options hizo hizo, sehemu ya "Devices", nikaifungua draivu ya CD na kuweka alama kwenye "Use error correction". Kazi ikawa ya polepole mno. Nilikaa pembeni nikiutazama ule mstari ukisogea kidogo kidogo mpaka ukafika mwisho.

Hapo sauti ilikuwa salama. Kuandika ndiko kulikonipa kazi, na ndiko nilikoipenda programu hii.

Bibi alikuwa akighani kwa mwendo wa maji, pumzi moja vipande viwili. Nilijaribu kuandika kwa kasi ile ile nikapata nusu ya maneno. Ndipo nikagundua kwamba ukiwa kwenye "Now Playing", ukibofya kitufe cha kulia cha mausi, ukaingia "Enhancements" halafu "Play speed settings", unapata kijiti cha kasi kinachoshuka hadi 0.5 na kupanda hadi 2.0. Ondoa alama kwenye "Snap slider to common speeds" ili usimame popote unapotaka. Kwenye 0.5 maneno yalivutika yakaharibika, 0.7 ndiyo iliyonifaa. Na sauti haigeuki kuwa nzito kama kaseti yenye betri dhaifu. Anabaki kuwa bibi, ila anazungumza kama anayekusubiri.

Niliandika kwenye daftari, kalamu mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa kwenye Ctrl na P, vitufe vinavyosimamisha na kuendeleza. Kurudi nyuma ndiko kulikochosha, maana hakuna njia ya kukifunga kipande kidogo kijirudie chenyewe. Ilibidi kila mara nivute kitone cha muda kwa mausi.

Utenzi wenyewe ulinisaidia. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kinabeba kina cha utenzi mzima. Kwa hiyo neno likinitatiza nilikuwa na pa kulipimia. Kuna kipande ambacho sote nyumbani tulikuwa tukikisema hivi: "nipitie dunia gani". Nikakihesabu: mizani tisa. Bibi hakuwa mtu wa kuzidisha mizani. Nikashusha kasi, nikavaa spika za masikioni, nikarudia pengine mara kumi, mpaka nikamsikia waziwazi: "nipitie ndia gani". Ndia, yaani njia, kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa aliyoipata kwa mama yake. Mizani nane kamili. Nilisimama nikaenda jikoni kumwambia mama, naye akakaa kimya, kisha akasema, "Ndivyo alivyokuwa akisema hata ndia ya sokoni, mwanangu. Tulikuwa tukimcheka."

Tangu hapo niliyarudia yote niliyokwisha kuandika. Nikakuta "mato" mara mbili mahali nilipokuwa nimeandika "macho" bila kufikiri, kwa sababu mkono wangu umezoea Kiswahili cha shule.

Mjomba hatumii simu ya kuchezea muziki. Ana redio yake ya CD. Nikamchomea nakala kwa programu hiyo hiyo, kwenye kichupo cha "Burn". Ya kwanza ilikuwa CD ya data na redio yake ilibaki kimya. Nikabadilisha kuwa "Audio CD", ambayo hubeba dakika 80, ikaimba.

Nilimpelekea jioni, pamoja na daftari. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mpwa wangu." Akaiweka CD, akafungua ukurasa wa kwanza, akawa anafuata kwa kidole huku bibi akighani. Kwenye ubeti wa kumi na tisa kuna nafasi niliyoiacha wazi, kipande ambacho hata kwa 0.6 sikukipata. Mjomba akasimamisha redio, akaomba kalamu.